Sakafu ya Bafu la Bibi Benadeta

"Ndugu waombolezaji, wageni waalikwa, viongozi wa dini na serikali, pamoja na mbuzi wote mliofika. Kwa masikitiko yasiyo na kifani, ukoo wa mzee Rwegasira wa Nyakasimbi unatangaza kifo cha mpendwa wetu Mgomba, kilichotokea leo saa tano asubuhi baada ya kukatwa kwa panga. Marehemu ameacha watoto kumi na mmoja, ambao wote mnawaona wamesimama nyuma ya jiko. Mazishi ni mara baada ya chai. Wenye viatu safi wakae mbali."

Msomaji wa tangazo hilo alikuwa Joanitha, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya mwezi wa sita. Alisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanga ya mama yake mabegani badala ya joho la mchungaji, sauti ikitoka puani kama ya askofu. Kiongozi wa serikali hakuwepo hata mmoja. Waliohudhuria ni mbuzi wawili, fundi Celestin aliyekuwa akichekecha mchanga huku akijizuia kutabasamu, na Bibi Benadeta kwenye kiti cha plastiki, ambaye alicheka mpaka akashika nyonga.

"Nyamaza, mwehu wewe," alisema Bibi, akifuta machozi. "Utanivunja tena."

Maana Bibi alikuwa amekwisha kuvunjika mara moja, na ndiyo sababu ya mchanga, fundi na msiba wenyewe.

Bafu la nyumba ile lilikuwa nyuma, limepakana na chumba cha Bibi. Marehemu mume wake alilijenga zamani kwa mikono yake, na sakafu aliitandika mawe bapa aliyoyabeba kutoka bondeni. Kila jiwe lilikuwa na kimo chake na msimamo wake. Kwa miaka arobaini Bibi aliyajua yote kama alivyojua wanawe: hili linacheza, hili linateleza, hili ukilikanyaga pembeni linakurushia maji ya uchafu usoni. Mvua za mwezi wa tatu zikaja, jiwe moja likahama usiku bila kuaga, asubuhi Bibi akalikanyaga. Nyonga ikavunjika. Alilazwa wiki sita, akarudi na chuma cha kutembelea chenye miguu minne na karatasi ya daktari iliyosema mambo mengi.

Tangu arudi, alikuwa anaogeshwa. Deodatha, mke wa mwanawe, ndiye aliyemwogesha, tena kwa upole na maji ya vuguvugu, akiimba wimbo wa kanisani ili kimya kisiwaelemee. Bibi alikuwa anafumba macho tangu maji ya kwanza mpaka taulo. Mwanamke aliyelea watoto sita, aliyemzika mume, aliyewahi kumfukuza mnunuzi wa kahawa kutoka kibanjani, shamba lao la migomba na kahawa, kwa mwiko wa ugali, alikaa uchi mbele ya mkwewe na kufumba macho kama mtoto anayedhani hivyo haonekani.

Siku moja baada ya kuogeshwa alimwita mwanawe Rwegasira. "Mwanangu, siombi kitu kingine mpaka naingia kaburini. Nataka kuoga mwenyewe. Mlango nimeufunga, nipo ndani peke yangu, naoga. Basi."

Rwegasira hakuwa mtu wa maneno. Kesho yake alikwenda Kiruruma kumwita Celestin.

Celestin alikuwa fundi ambaye watu walimngoja hata kama mwingine alikuwa tayari. Babu zake walitoka Rwanda, yeye alizaliwa Karagwe, na pima maji yake aliibeba kwenye baiskeli ikiwa imeviringishwa ndani ya sweta la mtoto, kama kitu kinachoweza kupata mafua. Alichuchumaa juu ya yale mawe ya bafuni, akaweka pima maji huku na huku, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Mzee aliyetandika hii alikuwa na mgongo wa nguvu," alisema, "lakini alitandika kwa macho. Tunang'oa yote. Halafu tunasogeza ukuta wa nyuma hatua mbili, ili Bibi aweze kugeuka na chuma chake bila kugonga. Ila pale kuna mgomba."

Mgomba ulisimama hasa mahali ambapo, ukuta ukishasogezwa, pangekuwa ndani ya bafu, mkabala na dirisha.

"Kuukata si kazi," Celestin aliendelea. "Kazi ni kisiki. King'olewe chote, mpaka mwisho. Sakafu haiwezi kukaa juu ya kitu kinachooza."

Rwegasira alimtazama binti yake. Kulikuwa na barua kutoka shuleni, iliyoandikwa kwa masikitiko makubwa na mwalimu wa malezi, kuhusu matroni aliyefungiwa stoo ya magodoro na kengele ya shule iliyokutwa imevalishwa sare.

"Mikono hiyo iliyomfungia matroni," alisema, "kesho itashika jembe."

Hivyo Joanitha alichimba. Mtu asiyewahi kung'oa kisiki cha mgomba mkubwa anaweza kudhani ni kama kung'oa kitunguu. Chini ya udongo kilikuwa kikubwa kama pipa la nusu, cheupe, kimejaa maji, na mizizi yake ilikwenda kila upande kama kamba za hema. Kufikia saa tano Joanitha alikuwa amekifikia kiuno tu, mikono ina malengelenge, na Bibi kule kwenye kiti chake ameshika shavu, amechoka kungoja maisha.

Hapo ndipo wazo la mazishi lilipomjia. Lilikuwa wazo zuri mno kuliacha lipoe. Ila mazishi yanataka maiti, na maiti ilikuwa bado imeng'ang'ania ardhini. Joanitha akachukua panga, akakata sehemu ya juu ya kisiki, kipande kikubwa kama chungu cha maharage, akakitoa kwa shangwe. Sehemu iliyobaki chini, ambayo ndiyo ilikuwa kubwa zaidi, aliifunika kwa udongo na kuikanyagakanyaga. Alijiambia kitaoza chenyewe, kitageuka udongo, na udongo si ndio huo huo? Alikuwa na alama ya A katika Biolojia, na hakuna ukurasa uliokuwa umemwambia kwamba kitu kikioza kinapungua.

Kipande kilibebwa juu ya sepetu mpaka chini ya mibuni. Joanitha aliongoza, Bibi akafuata nyuma kwa chuma chake, hatua moja, pumziko, hatua moja, akiitikia kila sala kwa Kinyambo na kucheka katikati ya "amina." Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali kutembea mbali kiasi kile. Deodatha alitoka jikoni akaona, akarudi ndani haraka ili asionekane analia.

Jioni Celestin alikuja pale shimoni, akapiga mguu juu ya udongo.

"Umekitoa chote, binti?"

"Chote, fundi. Tumekizika, Bibi ni shahidi."

"Kweli kabisa," alisema Bibi. "Mimi ndiye mfiwa mkuu."

Celestin akampa Joanitha mkono, kama anavyompa fundi mwenzake. "Ahsante. Wengine huwa wanaacha."

Joanitha aliupokea mkono ule. Ulikuwa mkavu, una nyufa za saruji, na uliminya kwa nguvu ya mtu aliyeamini.

Kazi ilichukua siku tisa. Kifusi, mawe, zege, kisha juu yake niru, saruji laini ya kumalizia. Celestin alivuta kamba kutoka pembe hadi pembe, akaweka pima maji, akapangusa, akaweka tena. Sakafu alitaka iwe sawa pale atakapokanyaga Bibi, na ishuke kidogo tu, nusu ya ukucha, kuelekea kwenye tundu la maji. "Maji yaende," alisema, "Bibi abaki." Akaweka na chuma cha kushikia ukutani. Siku ya mwisho alimwaga kopo moja la maji pale mlangoni, na wote wakachungulia. Maji yalitembea polepole, bila kukata kona, yakaingia tunduni. Rwegasira, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alisema, "Eeh."

Kesho yake Bibi Benadeta aliingia na ndoo yake, akafunga mlango. Familia nzima ilisimama koridoni ikijifanya ina shughuli. Deodatha alikuwa anakunja shuka ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. Walisikia chuma kikigonga sakafu mara nne, thabiti. Walisikia maji. Kisha walimsikia akiimba. Hakuimba wimbo wa kanisani. Aliimba wimbo wa Kinyambo wa kumtania bwana harusi mvivu, ambao Deodatha alikuwa hajawahi kuusikia kwa mama mkwe wake tangu aolewe.

Alitoka anang'aa mafuta, kilemba kimefungwa upande.

"Nimeoga mwenyewe," aliwatangazia. "Nanyi mliosimama hapa kama foleni ya kituo cha afya, nendeni mkafanye kazi."

Joanitha alirudi shuleni akiwa na furaha ambayo hakuwa amewahi kuipata kwa utani wowote. Kisiki hakukikumbuka hata mara moja. Hilo, kwa wapendao ukweli, lisemwe wazi: hakuteseka, hakukosa usingizi, alikula makande na kulala.

Alikuja kukikumbuka likizo fupi ya mwezi wa tisa, asubuhi ya kwanza, alipoingia bafuni kupiga mswaki.

Mkabala na dirisha, maji yalikuwa yametuama. Yalikuwa membamba kama karatasi, mtu mwingine asingeyatazama mara mbili. Lakini yalikuwa na umbo, na Joanitha alilijua umbo lile. Alikuwa amelichimba mwenyewe. Pembeni yake ufa mdogo kama unywele ulikuwa umeanza safari. Akainua mguu, akagonga kwa kisigino. Mahali pengine pote sakafu ilijibu kwa sauti nzito. Pale ililia tupu, kama kibuyu.

Akasimama na mswaki mdomoni, povu likimtiririka kidevuni.

Mezani alisikia mengine. Bibi alikuwa amelalamika wiki mbili. Alikuwa anasema sakafu inamshusha, kwamba anaposimama karibu na dirisha chuma chake kinacheza, mguu mmoja unaning'inia. Rwegasira alikuwa amekwenda kuangalia: alisimama pale mlangoni, akakanyaga mara mbili, akaona pako imara. Ulikuwa msimu wa kuuza kahawa, akili yake ilikuwa kwenye magunia. "Mama, sakafu haitembei," alimwambia. Deodatha, kwa nia njema kabisa, alimpeleka kituo cha afya kupima presha, wakapewa vidonge vya kizunguzungu.

"Nesi amesema ni umri," Deodatha alimnong'oneza Joanitha. "Mwanzo ni mambo kama hayo. Mtu anaona vitu vinatembea."

Joanitha alimeza chai ikamchoma koo. Alijiambia atasema. Alimtazama baba yake, akaona atasema mchana. Mchana akaona ni bora jioni. Kusema kulimaanisha Celestin aitwe, sakafu ivunjwe, kisiki kitoke, na baba aliyeipokea barua ya mwalimu wa malezi aipate na hii. Likizo ilikuwa ya siku nne tu.

Siku ya tatu Bibi alimwita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani na taulo begani, ndoo iko tayari miguuni, lakini hakuwa ameinuka.

"Funga mlango. Kaa hapa."

Joanitha akakaa.

"Baba yako ananipenda, kwa hiyo ananidanganya. Mama yako ana huruma, naye vilevile. Wewe ni mwehu, lakini hujawahi kunifanyia mimi ujinga wako. Wengine wote unawachezea, mimi unanipa kiti cha mbele. Si ndivyo?"

"Ndivyo, Bibi."

"Basi nenda bafuni, kanyaga pale dirishani, uje uniambie. Sakafu imeshuka, au ni mimi?"

Joanitha alikwenda. Alisimama pale, kisigino kikiwa juu ya mahali penyewe, wala hakugonga. Alihesabu mpaka ishirini, muda ambao mtu mkweli angeutumia kukagua. Kisha akarudi, akavaa uso wake wa kuchekesha, ule wa daktari mkuu.

"Mgonjwa," alisema kwa sauti ya puani, "nimeikagua sakafu. Iko sawasawa. Tatizo ni kwamba umekuwa bibi."

Alingoja kicheko. Kwa miaka kumi na saba kicheko kile hakikuwahi kuchelewa.

 Bibi Benadeta alilitoa taulo begani, akalikunja mara mbili, mara nne, akaliweka mapajani.

"Haya," alisema. "Basi ni mimi. Ahsante kwa kunieleza." Na bila kuinua macho: "Mwambie mama yako aje aniogeshe."

Joanitha alirudi shuleni na ile "ahsante." Alijaribu kuiacha kwenye basi, ikashuka naye. Wenzake walipanga kumwekea mwalimu wa Hisabati chura kwenye mkoba, wakamngoja yeye, akasema anaumwa tumbo. Walidhani ni utani mpya ambao hawajauelewa.

Mwezi wa kumi na mbili aliteremka Omurushaka, akachukua pikipiki mpaka Nyakasimbi. Kitu cha kwanza alichokiona uani ni chuma cha kutembelea. Kilikuwa kimesimamishwa juani, juu yake vimeanikwa vitambaa vya jikoni.

"Hakitumii tena," alisema mama yake. "Tumeona kisikae bure."

Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, palepale, ila alikuwa amepungua, kama mtu aliyekaa mahali pa mtu mwingine. Miguu yake chini ya kanga ilikuwa myembamba kama vijiti vya kushikizia maharage.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo ni Jumatano, au ni mimi?"

"Ni Jumatano, Bibi."

"Eeh. Nilidhani hivyo."

Na ilikuwa hivyo kwa kila kitu. Chai hii ina sukari, au ni mimi? Nimeshaamkiana na jirani Costansia leo, au ni mimi? Akili yake ilikuwa nzima kabisa. Alijua tarehe ya kuzaliwa ya kila mjukuu na bei ya kahawa ya miaka kumi nyuma. Ila hakuamini tena kitu chochote alichokiona kwa macho yake mpaka mwingine amthibitishie. Deodatha alimwogesha kila asubuhi, naye hakufumba tena macho. Alikuwa anatazama ukuta tu, na hilo Deodatha alisema lilimuuma kuliko kufumba.

Siku ya Ijumaa Deodatha alikuwa amemkalisha Bibi kwenye kigoda cha kuogea, akarudi nyuma hatua moja kuchukua kata. Sakafu ikasema "kwaa." Mguu wake ulizama mpaka kwenye kifundo. Rwegasira alikimbia kutoka kibanjani akakuta shimo mbele ya dirisha la bafu, niru imepasuka vipande vipande kama sahani.

Safari hii alikuwa na maneno. Yalianza kabla baiskeli ya Celestin haijasimama.

"Fundi! Niliwaacha mafundi wa karibu nikaja mpaka Kiruruma. Miezi sita! Mke wangu angevunjika mguu. Mama yangu alikuwa hapo hapo!"

"Shikamoo mzee," alisema Celestin. "Ngoja tuone."

Alipiga magoti. Alitumia tindo na nyundo, akiondoa kipande baada ya kipande na kuvipanga pembeni kwa utaratibu, kama mtu anayevua nguo za maiti. Bibi aliomba aletewe kiti koridoni, mkabala na mlango, aone. Joanitha alisimama nyuma ya kiti hicho kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kusimama.

Chini ya zege palikuwa na uwazi. Ikatoka harufu chachu, kama ya pipa la rubisi, pombe ya ndizi, lililosahaulika. Celestin akaingiza mkono mpaka kwapani, akachota nyuzi nyeusi zilizolowa, kisha gamba, kisha kipande kilichobaki cha kisiki, laini kama mkate uliolowa maji. Na pembeni yake, likiwa limelala chini ya zege, chipukizi la mgomba. Lilikuwa jeupe pee. Lilikuwa limetambaa urefu wa mkono likitafuta mwanga upande ambao mwanga haukuwepo.

"Kisiki!" Rwegasira alishika kichwa. "Umejenga juu ya kisiki! Wewe mwenyewe ulituhubiria hapa!"

Celestin alibaki amepiga magoti. Aligeuza shingo, akamtazama Joanitha mara moja. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayempisha mwingine mlangoni. Joanitha aliinama, akamnyooshea Bibi kanga begani. 

Celestin akasubiri, kisha akageuka tena.

"Kosa ni langu, mzee," alisema. "Niliuliza tu. Nilipaswa kuchimba nijionee. Nitaifanya upya, hutanidai kitu wala sitakudai."

"Nani atakupa kazi tena hapa Nyakasimbi? Eh? Nikiulizwa nitasema nini?"

"Utasema ulichokiona."

"Fundi," Bibi aliita kutoka kwenye kiti. "Kilete hapa."

Celestin alikibeba kile kipande juu ya mwiko wake, akamsogezea kwa mikono miwili. Bibi akakigusa. Akalishika na lile chipukizi, akalipima kwa vidole, akanusa. Kisha akasema polepole, kama anayeomba kusahihishwa:

"Huyu tulimzika kwenye kahawa. Nilikuwepo. Nilikwenda kwa miguu yangu mpaka kule, nikaitikia. Au ni mimi?"

Akakirudisha kipande kwenye mwiko.

"Joanitha. Tulimzika, hatukumzika?"

"Tulimzika, Bibi."

"Sasa huku amefikaje?"

Na Joanitha, Mungu amsamehe, hata wakati ule ulimi wake ulikimbilia kule ulikozoea kukimbilia. "Amefufuka," alisema.

Halikuwa tusi, wala hakukusudia. Lilimtoka kama kikohozi. Lakini lilibaki limening'inia pale koridoni, na baba yake aligeuka polepole, na mama yake akaweka mkono mdomoni, na Joanitha akaona kwamba hakuna tena ndoo ya kusimama juu yake.

"Sikukitoa," alisema. "Nilikata juu tu. Kile tulichozika ni kipande. Hiki nilikifunika. Fundi aliniuliza nikamwambia chote, akanipa mkono. Si kosa lake, Baba. Aliniuliza."

Rwegasira alipiga hatua moja. Bibi akainua kidole, naye Rwegasira akasimama alipokuwa.

"Kwa hiyo sakafu ilishuka," alisema Bibi.

"Ilishuka."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema."

Bibi alivuta pumzi, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa ule wa zamani, uso wa mtu anayejua leo ni siku gani.

"Nileteeni chuma changu," alisema. "Ondoeni hivyo vitambaa."

Deodatha alikimbia kukileta. Wakakiweka mbele yake. Bibi akakishika kwa mikono miwili, akavuta. Akanyanyuka kiasi cha kiganja, magoti yakatetemeka, akakaa. Akangoja. Akavuta tena, Rwegasira akamshika kwapa, Celestin upande wa pili, na akasimama kati yao kama nguo iliyotundikwa. Walipolegeza mikono ili waone, alirudi chini mara moja. Miezi mitatu miguu ile haikuwa imefanya kazi yoyote, kwa kuwa mwenyewe aliambiwa haifai.

"Basi," alisema. "Inatosha. Nikalisheni vizuri."

Celestin aliinama mbele yake. "Bibi, nitaitengeneza. Itakuwa sawa kuliko mwanzo. Utaoga."

"Itengeneze, mwanangu. Itengeneze vizuri, mkwe wangu asije akateleza ananiogesha."

Hapo ndipo Deodatha aliposhindwa, akaenda jikoni. Rwegasira alisimama na chuma mkononi, hajui akiweke wapi.

Bibi alinyoosha mkono nyuma ya kiti, bila kugeuka, akapapasa mpaka akampata Joanitha kiganja, akamvuta taratibu aje mbele yake. Joanitha akapiga magoti kwenye vumbi la zege. Alitaka kulia, ila alihisi hana haki ya kuanza yeye.

"Nina swali moja," alisema Bibi. "Sitaki askofu, sitaki daktari. Nataka mjukuu wangu ndiye anijibu. Ile siku nilipokutuma ukaangalie, nikiwa na taulo langu. Labda ulikanyaga hukusikia. Labda hukujua. Watoto hawajui mambo haya."

Alikuwa anampa mlango. Aliufungua wote, akaushikilia. Joanitha aliuona, na alijua kwamba akipita hapo Bibi atamwamini, kwa kuwa sasa anaamini kila anachoambiwa.

"Nilijua, Bibi," alisema. "Siku ile hata sikugonga. Nilikuwa nimeigonga juzi yake, ikalia tupu. Nilisimama pale nikahesabu mpaka ishirini ili udhani naangalia, halafu nikaja nikakwambia ni wewe."